AI yangu ilivyowashonea mashangazi wa Goma nguo za usichana wao

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Haya ninayoyaleta sijatia chumvi, na dada yangu akiuona huu uzi atathibitisha, ingawa bado ananinunia.

Nipo Gisenyi, mpakani kabisa na Goma. Tumekulia Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu hakifanani na cha hapa.

Dada yangu Zaituni ni fundi cherehani wa sare za harusi. Mimi ni mtu wa kompyuta, tena mwenye kiherehere. Nikamtengenezea AI agent, yaani programu inayojifanyia kazi yenyewe, ya kumtafutia vipimo vya wateja na kupokea oda WhatsApp.

Niliipa tools mbili, yaani vitendea kazi vyake vya kuload data. Moja inasoma vipimo vya zamani, tangu Zaituni anaanza kazi. Nyingine inasoma vya karibuni.

Sasa kwa msiojua: agent haioni tool ina nini ndani. Inasoma maelezo uliyoandika, basi, inachagua. Mimi ya kwanza nikaandika "Inaleta vipimo vya mteja." Ya pili nikakopi hivyo hivyo. Nikajisemea AI ina akili, itajiongeza.

Ikajiongeza kweli.

Muelewe pia kwamba mashangazi wa huku hawapendi kupimwa, hasa mawifi zao wakiwepo. Ukimsogelea na futi anakuangalia juu mpaka chini: "Vipimo yangu si uko nayo?" Kwa hiyo tukaitegemea data.

Ikaja oda ya Mama Nassoro wa Goma. Ukoo wake nusu uko Gisenyi nusu Goma, Waislamu na Wakatoliki humo humo, harusi haziishi. Na yeye ndiye anayeamua sare zinashonwa wapi.

Zaituni akaniambia, "Kaka, huyu mama akiondoka anaondoka na ukoo mzima. Nitafunga duka."

Nikamwambia usijali, teknolojia ipo. Mdomo huu!

Siku ya kujaribu, gauni la kwanza likagoma mabegani. La pili zipu ikaishia katikati ya mgongo. Mama Nassoro akaingia nyuma ya pazia, tukasikia anahema, halafu sauti:

"Zaituni, hii nguo ni ya mutoto?"

Mana yanjye, Mungu wangu! Nikajifanya napokea simu, nikatoka nje.

Huko nje nikaiuliza agent kwa hasira kwa nini imeleta vipimo vya enzi za usichana. Ikajibu kwa adabu: "Maelezo ya tools zote mbili yanafanana. Nilichagua ya kwanza."

Nikarudi ndani kinyonge.

Zaituni akafumua magauni yote ubavuni na kuongeza vipande. Bahati kitenge kilikuwa kimebaki. Harusi ikapita salama, ila Mama Nassoro aliondoka bila kusema kama atarudi. Dada akawa ananipakulia chakula bila kunitazama.

Nikaketi, nikaandika upya kwa uchungu. Tool ya kwanza: "Vipimo vya zamani, vya kumbukumbu tu. Usitumie kukata nguo." Ya pili: "Vipimo vya mwisho pamoja na tarehe. Kama muda umepita sana, mwili hubadilika. Toa taarifa kwamba mteja apimwe upya."

Nikajipongeza na chai.

Haikupita muda, Mama Nassoro akaulizia sare za harusi nyingine. Zaituni akashukuru Mungu kwa sauti. Mama aliulizia kwenye group la kamati ya harusi, ambako agent nayo imo. Ikajibu hapo hapo:

"Mama Nassoro, muda umepita na mwili wako umebadilika. Karibu upimwe upya."

Mawifi wote wakaweka vikaragosi vya kucheka. Wote, wakuu.

Kesho yake akavuka mpaka mwenyewe. Akasimama mlangoni.

"Bon. Iko wapi ile mashine inasema mi nilinona?"

Zaituni akamshika mkono, akampeleka nyuma ya pazia, akampima huku anamnong'oneza. Mimi nilikuwa nimejibana pembeni ya cherehani. Akatoka, akanielekezea kidole:

"We kijana, andika mule ndani: Mama Nassoro hajanona. Vitenge ya siku hizi njo inapunguka kwa maji."

Kitenge chenyewe hakijawahi hata kuguswa na maji.

Nikasema, "Ndiyo mama, naandika sasa hivi." Akasimama juu ya kichwa changu mpaka nikamaliza. Halafu ndipo akafungua begi, akatoa majora ya ukoo mzima na kumkabidhi Zaituni.

Funzo: ukiandika maelezo ya tool, sema inaleta data gani, ya lini, itumike wapi na isitumike wapi. Na majibu aambiwe nani! Maelezo yangu sasa yanaishia hivi: "Mwambie fundi peke yake. Vipimo vikiongezeka, kosa ni la kitenge."

Agent inatii bila swali, na mashangazi wanapimwa kwa foleni.

Haya, wekeni maelezo ya tools zenu hapa tuyakague. Matusi pia napokea, nimeshazoeshwa nyumbani.