Nilivyoziba kila tundu kwenye gari-nyumba la Mzee Wafula, tukakaribia kumpoteza mkewe kando ya Ziwa Naivasha

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Hii post nimeiandika na kuifuta mara nne. Kila nikisoma naona koma imekaa vibaya. Leo naituma hivyo hivyo. Sijaongeza chumvi, na mahali nilipokosea nitasema nilikosea.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini, Makongeni, Nairobi. Baba alikuwa karani wa reli, tunaishi kwenye nyumba za reli. Mimi nina miaka ishirini na mbili, fundi wa mbao ambaye hakufunzwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama, kufungua viti vya watu na kuvirudisha.

Tatizo langu ni moja tu, na bado ninalo. Siwezi kuacha kitu kikiwa na kasoro. Nikitengeneza droo lazima iingie mpaka wembe usipite pembeni. Usiku silali nikiifikiria.

Jirani yetu alikuwa Mzee Wafula, Mbukusu, dereva mstaafu wa kiwanda kimoja Industrial Area. Siku moja akaja na van kuukuu iliyokuwa ikisambaza mkate.

"Kyalo," akaniambia, "nimeona nchi hii yote kupitia kioo cha mbele. Mama Nekesa anajua Makongeni na kwetu Bungoma, basi. Nataka nimtembeze, na jioni alale kwa kitanda chake mwenyewe."

Nikaelewa mara moja. Nyumbani tulikuwa na kalenda ya zamani, na picha ya mwezi mmojawapo ilikuwa gari-nyumba limeegeshwa kando ya ziwa huko Scotland. Mapazia madirishani, meza ndogo nje, milima nyuma, na ukungu juu ya maji. Nilikuwa nimeitazama hiyo picha mpaka najua idadi ya misumari.

Nikamwambia, "Mzee, nipe miezi mitatu."

Nilichukua mitano.

Majirani walinicheka sana. Kuna mama mmoja kila akipita na mtungi anauliza, "We Kyalo, hiyo nyumba inalipiwa rent wapi?" Nacheka naye, lakini ndani nina wasiwasi. Nilikuwa napima kila kitu kwa rula kutoka kwa ile picha na kukuza hesabu kichwani.

Kitanda kikaingia. Kabati likaingia. Sakafu nikapiga vanishi mara tatu. Madirisha nikaweka vioo visivyofunguka, kwa sababu vile vya kusukuma vilikuwa vinapitisha vumbi. Mlango nikautengeneza wa mbao, nikauzungushia mpira wa tyubu, ukawa unafunga kwa sauti ya "fup!" kama friji.

Nilifurahia ile "fup" kuliko kitu chochote.

Safari ya kwanza ikawa Naivasha. Mzee alisema lazima niende nao, kama kitu kitalegea nikirekebishe. Watu watatu tu: Mzee Wafula, Mama Nekesa na mimi. Njia nzima nilikuwa nimekaa nyuma nasikiliza kila mlio.

Tukafika saa sita, tukaegesha kwenye nyasi karibu na maji. Mama Nekesa alishuka akasimama akitazama ziwa, mikono kiunoni. Halafu akasema, "Kumbe maji yanaweza kuwa mengi hivi na bado tunapanga foleni kwa mfereji."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akachukua ndoo, akaenda kutafuta samaki kwa wavuvi waliokuwa mbele kidogo, mwendo kama wa dakika kumi.

Mama akawasha jiko la makaa nje. Akateleka maji ya ugali.

Kama saa nane hivi mvua ikaja. Ile mvua ya Naivasha iliyo na baridi ya milima. Upepo ukapiga, cheche zikaruka.

Hapa ndipo nataka msome pole pole.

Mimi ndiye niliyesema, "Mama, leta jiko ndani."

Akasita. "Si litatusumbua na moshi?"

"Makaa yameshika, hayana moshi tena. Hii ni nyumba, Mama."

Akaliinua kwa leso, akaliweka ndani juu ya bati. Akataka kuacha mlango wazi, kama anavyofanya jikoni kwake. Mimi nikaona matone yanaanguka kwenye vanishi yangu. Nikaufunga.

Fup.

Nikakaa nikikagua maungio. Natafuta tone. Hakuna hata moja! Mvua inapiga bati kama kokoto na ndani ni pakavu kabisa, joto zuri.

"Hata upepo haupiti," Mama akasema akikoroga. "Kijana wangu, umefanya kazi."

Wakuu, sijawahi kusifiwa hivyo.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma. Sikushtuka. Mimi nikiwa na wasiwasi huumwa kichwa, na nilikuwa na wasiwasi tangu alfajiri. Moyo ukaanza kwenda mbio. Hiyo pia naijua. Nikajiambia, Kyalo, tulia, kazi imeisha, hakuna kinachovuja.

Mama akakaa kitandani. "Nasikia usingizi kama mtu aliyetoka harusini," akasema. "Nigeuzie huo ugali."

Nikasema sawa. Sikusimama. Nilidhani nimesimama, kumbe bado nimekaa.

Kilichonigutusha ni harufu ya ugali kuungua. Nikaita, "Mama, ugali."

Kimya.

"Mama Nekesa!"

Amelala ubavu, mdomo wazi, mkono umening'inia. Nikajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Nikatambaa hadi mlangoni na kusukuma. Mbao zilikuwa zimelowa na kuvimba, na mimi sikuwa nimeacha nafasi hata ya wembe. Haukusogea.

Nikasukuma tena kwa bega. Wapi.

Nikatazama dirisha. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilijua lazima nivunje kile kioo. Lakini nikakumbuka wiki mbili nilizotumia kukikata na kukipaka putty pembeni kishike, na nikarudi mlangoni kujaribu tena. Mtu anakufa nyuma yangu, mimi nahurumia kioo.

Sijui nilipoteza sekunde ngapi. Nazikumbuka zote.

Nyundo ilikuwa chini ya kitanda. Mimi hufunga vifaa vyangu kwa kitambaa na kukaza fundo. Vidole havikunitii. Nikalifungua lile fundo kwa meno.

Nikapiga. Kioo kikapasuka, baridi ikaingia na mvua yake. Nikatoa kichwa nikapiga kelele, "Mzee! Mzee Wafula!" Halafu nikarudi kumvuta Mama kwa mabega. Alikuwa mzito kama gunia la maharagwe. Nikausukuma uso wake karibu na lile tundu, nikamshikilia hapo.

Mzee alikuwa tayari njiani akirudi na wavuvi wawili, wakaja mbio. Mzee akanyakua panga la mmoja wao, akalitia kwenye ukingo wa mlango, wakaubandua. Wakamtoa Mama wakamlaza kwenye nyasi, mvua ikimpiga usoni.

"Mama Nekesa! Mama Nekesa!" Mzee anamtingisha. "Binti yetu Nekesa atanilaumu! Amka!"

Tulingoja. Mvuvi mmoja alianza kusali.

Halafu Mama akakohoa, akatapika. Mzee akakaa chini kwenye matope kama mtoto.

Tulimpeleka dispensari, Mzee akiendesha, mimi nimemshika Mama nyuma. Sista akamtazama Mama, akamtazama Mzee aliyekuwa bado ameshika panga la mvuvi, akauliza swali moja tu.

"Nani aliingiza jiko ndani?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Sista akagomba. Akaeleza kuwa makaa hata yasipokuwa na moshi hutoa hewa mbaya isiyo na harufu, na chumba kilichozibwa ni kaburi. Wakati anasema hivyo, nilikumbuka kitu. Lile gari la mkate lilikuwa na mashimo mawili juu ya paa. Mimi niliyaziba kwa bati na lami. Kwenye picha ya Scotland sikuona mashimo, kwa sababu picha ilipigwa kutoka chini.

"Miaka yote hii unapika," Mzee alikuwa anasema, "leo ndio unataka kuniacha?"

"Nisamehe, Baba Nekesa."

Mimi nikanyamaza. Nikajiambia ni kweli, si mikono yake ndiyo iliyobeba jiko? Nilinyamaza dispensari, tukalala hapo, asubuhi nikanyamaza pia. Nilikuwa nyuma, gunia limefunika lile dirisha. Wao mbele.

Tukipanda ile milima kurudi, nikamsikia Mzee.

"Hili gari nalirudisha kwa wenye mkate. Umeona dunia ya kutosha. Mtu asiyejua mahali pa kuweka jiko akae nyumbani."

Mama alikuwa anatazama bonde kule chini kama mtu anayeaga.

Ndipo nikashindwa. "Mzee, simamisha gari."

Akasimamisha pembeni. Nikasema yote. Kwamba mimi ndiye niliyesema jiko liletwe. Kwamba Mama alitaka mlango uwe wazi nikaufunga kwa sababu ya vanishi. Mashimo ya paa. Hata kioo nikasema, na zile sekunde.

Mzee akamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Ndiye aliyeniambia leta jiko," Mama akasema. "Nilipoteza nguvu, sikupoteza kumbukumbu."

"Sasa mbona ukabeba lawama?"

"Wewe ulikuwa na panga la mvuvi mkononi bado."

Mzee akaniambia, "Shuka."

Nikashuka. Baridi ya ile milima si ya mchezo. Nikasimama kando ya barabara, injini inanguruma, wao wanaongea Kibukusu kwa sauti kali. Sikuelewa neno. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ni lori gani litanibeba mpaka Nairobi.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mama Nekesa akatoa kichwa, kilemba kimeenda upande.

"Baba Nekesa anauliza, Disemba tukienda Bungoma na hili gari, utakuja ama utaogopa?"

Nikamwambia, "Nitaogopa, Mama. Lakini nitakuja."

"Basi ingia, unaniletea baridi."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nilidhani kazi nzuri ni ile isiyo na mwanya. Kumbe mtu anapumua kwa mwanya. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajapoteza ziwa lake kwa ajili yako.

Mwenye kisa cha jiko, au cha kazi aliyoharibu kwa kuitengeneza sana, aweke hapa chini nisome. Ila kama umejifungia na makaa sasa hivi, fungua dirisha kwanza, ndipo uandike.