Konzi ya Nafaka ya Shangazi Nurto

Ati ujinga! Bwana mmoja wa chuo kikuu amekuja Nanighi juzi kutuambia kwamba kale kapanya ketu ka mchangani kametoweka duniani, hakapo tena popote, na chanzo ni ujinga wa wafugaji. Mbele ya shangazi yangu Nurto! Lo, huyo mtu hana haya.

Shangazi amepita miaka sabini. Ukame wa utoto wake uliua ng'ombe wote wa babake, na mama yake akamfundisha kukafuata kapanya hako, kenye mkia wa kishada, kanakoruka kwa miguu ya nyuma, mpaka shimoni. Ndani mna akiba ya mbegu za nyasi. Unachota nusu, nusu unamwachia mwenyewe. Mvua ikinyesha unarudi na konzi moja ya nafaka, unaimwaga mlangoni pa shimo, unashukuru. Shangazi amelea watoto watano hivyo, na hajawahi kuruka mvua hata moja.

Halafu likaja gari la mradi wa kilimo kutoka Garsen. Walitaka mahindi yao yasiguswe na panya. Wakaniajiri mimi, Habon, niwe mkalimani, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne. Wakakaa mkekani kwa shangazi, wakanywa chai yake, wakasikiliza mila yake yote wakitabasamu. Kesho yake wakaleta gunia.

"Mwambie mama, hii ni nafaka ya kuwarudishia panya wake."

Washenzi wakubwa! Nami nikamwambia. Nafaka yenyewe ilikuwa nyekundu. Gunia lilikuwa na maandishi, na kusoma najua. Sikusoma. Nilikuwa nimevishwa kofia ya mradi, kichwa kimenivimba.

Shangazi alizunguka mashimo yote kwa siku tatu, akimwaga na kushukuru.

Tangu hapo hatujaona hata unyayo. Kila mvua hutoka na konzi yake, hurudi akaniuliza, "Habon, niliwakosea nini?" Miaka minne nimekuwa nikimjibu kwamba sijui. Juzi, bwana yule alipotamka ujinga, nilishindwa. Nikamweleza yote, kwamba nafaka ile nyekundu ilikuwa sumu. Nilitaka anipige.

Hakunipiga. Aliteka maji, akanawa mikono, akaisugua kwa mchanga, akanawa tena. Chakula kilipoiva akakaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Nilishe wewe," akasema. "Mikono hii siitii mdomoni."