Maji Yaliyokuwa Yakipanda Usiku

Nilikuwa nimeinamia injini, kitambaa mkononi, nikakuta maji yamepanda.

Si kwamba yamepungua. Yamepanda!

Jana yake jioni maji ya chupa ya akiba ya rejeta yalikuwa chini ya mstari, nikaahirisha kuongeza. Asubuhi yako juu, na sijaigusa chupa. Nikapima tena kesho yake. Vilevile.

Na ile dawa ya kijani ya kupozea injini ilikuwa imepauka kama shati kuukuu. Kuna mtu alikuwa ananiongezea maji matupu.

Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Siku chache nyuma nilikuwa nimebadilisha mpira wa chini unaopitisha maji ya rejeta, nikajisifu kwa mke wangu: "Panda ule mlima wa kwenda kazini bila wasiwasi. Huo ni mkono wa mumeo."

"Haya, injinia wa uani," akacheka.

Sasa mtu anaharibu kazi yangu? Nilichemka kuliko injini.

Nikaingia ndani. Mke wangu alikuwa anakunywa chai na mama yake, ambaye aliugua na kubembelezwa sana mpaka akakubali kuja kukaa kwetu.

Mimi si mtu wa kufoka. Siku hiyo nilifoka.

"Mpumbavu gani anamimina maji kwenye gari?"

Kikombe kikatua mezani taratibu.

"Ni mimi, baba," akasema mama mkwe.

Nikamsogelea. "Mama, sikujua kama..."

"Umeshasema, mwanangu."

Akaenda chumbani. Nikasikia zipu ya begi.

"Akiondoka leo, harudi tena," mke wangu akaninong'oneza. "Mama yangu unamjua."

Nikarudi uani kujificha kwenye kazi. Nikajilaza chini ya gari, nikafungua bati linalokinga injini kwa chini.

Maji yakanimwagikia usoni.

Yalikuwa yamejikusanya humo, ndiyo maana sikuwahi kuona hata tone ardhini. Nikafuata unyevu kwa kidole hadi kwenye mpira wangu mpya. Klipu ya kuubana niliyoifunga mimi, kwa mkono wangu wa kujisifia, imekaa upande. Injini ikipata moto, maji yanavuja hapo.

Bila maji ya mama, injini ingeungua mke wangu akiwa katikati ya mlima.

Nikauvua mpira. Nilipoinuka, mama alikuwa mlangoni na begi lake.

"Mama, ulijua inavuja?"

"Nitajulia wapi? Wewe ndiye uliyenionyesha, ukasema maji yasishuke chini ya mstari. Nikayaona yameshuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishajisifu mbele ya mkeo. Nikuaibishe kwa jagi la maji?"

Nilipiga magoti palepale, kwenye oili. Uso ulikuwa unatiririka, na si maji yote yalikuwa ya rejeta.

"Nisamehe, mama."

"Inuka, unachafua suruali. Nipeleke stendi."

"Gari nimelifungua. Klipu nzuri napata kesho."

Akaliangalia gari. Akaniangalia mimi.

"Basi nitaondoka kesho."

Akaingia ndani. Begi akaliacha mlangoni.

Ndugu yangu, kabla hujamsaka anayeharibu kazi yako, ipapase kwanza wewe mwenyewe. Unayemtukana huenda ndiye anayekusitiri.

Ninapoandika haya boneti iko wazi, na begi bado liko mlangoni. Kesho nafunga klipu.

Ni mara ya kwanza naomba kazi inicheleweshe.