Kitambaa Kilichoenda Shoo

Juzi dukani nilimsikia kijana akimcheka mwenzake: "Hiyo ni shoo tu, hana kitu." Nikakumbuka kwamba zamani nilidhani neno hilo ni jina la mtu.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mtaa wa Jericho. Mama alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha meza kwa kroshia, miezi mingi, na siku moja nikakuta meza iko wazi.

"Kitambaa kimeenda Shoo," akasema.

Nikaamini Shoo ni mama fulani tajiri, na kwamba hatakirudisha.

Jumamosi alasiri alinipeleka kwenye uwanja uliojaa watu, harufu ya ng'ombe na ya mahindi ya kuchoma. Leo najua hiyo ndiyo iliyokuwa shoo, yaani maonyesho ya kilimo. Ndani ya ukumbi nilikiona kitambaa chetu kwenye kabati la kioo, kimebandikwa utepe mwekundu wa tuzo, na watu wamekizunguka. Nikawa natafuta kwa macho ni yupi kati yao aliye Shoo. Mwanamke mmoja mwenye kofia aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Haki, huyu anajua kazi," alinong'ona.

Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wakinyamaza namna ile nje ya kanisa. Nikamvuta Mama sketi.

"Mama, waambie ni chetu!"

Mama, ambaye wiki nzima alifulia watu nguo, alisimama nyuma yao, macho yaking'aa.

"Nyamaza," akaniambia polepole. "Wacha waangalie."

Tulisimama hapo mpaka milango ikafungwa.