Bendeji ya Uongo

Wasee, niliwahi kushika gitaa mbele ya jeneza, mkono ukagoma.

Sitanii. Stockholm, Februari 2010. Kanisa limejaa, wote wananitazama mimi, Bravin, na vidole vimekakamaa.

Kisa chenyewe ni hiki.

Nilikuwa nasafisha ofisi kule Kista, na baada ya kazi najifunza gitaa kwa watu wawili. Mmoja alikuwa Mswidi wa gitaa la klasiki. Nyuzi za nailoni, kucha ndefu mkono wa kulia, kila kidole na kazi yake.

Mwingine alikuwa mzee Jean-Bosco, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu mtaani Hagsätra. Huyu alipiga nyuzi za chuma kwa gumba na kidole cha shahada tu. Kucha alizitaka fupi kabisa.

Sasa niambieni, kucha utafuga na kukata kwa mpigo? Jumamosi chuma kinanivunja kucha, Jumatatu Mswidi ananuna. Mtaka yote hukosa yote, na mtihani wa chuo cha muziki ulikuwa Januari.

Nikaamua kumkacha mzee.

Lakini utamwambiaje mtu aliyekufundisha bure miaka minne? Nikanunua bendeji kule Skärholmen, nikajifunga kifundo cha mkono wa kulia, nikabisha kwake.

"Mzee, nimeumia kazini. Daktari amesema nisiguse gitaa miezi mitatu."

Akaushika ule mkono kama anashika yai.

"Pole, mwana yangu. Usiilazimishe. Ikipona utarudia, tutamaliza ile wimbo."

Wimbo huo aliutunga mwenyewe, na hakumfundisha mtu mwingine. Kilibaki kipande cha mwisho tu.

Nilipofika nyumbani nikaifungua bendeji, nikafanya mazoezi ya klasiki hadi nikasahau kula. Simu zake nilipokea chache tu. Mtihani nikapita, nikafurahi kama mjinga.

Wiki mbili baadaye moyo wa mzee ukasimama.

Kanisani wakaniomba nipige wimbo wake. Sikufika mbali. Nilijua nimebakiza kipande ambacho sitakijua tena, na mkono ukakauka pale pale. Nikarudi kwenye kiti kichwa chini.

Baada ya mazishi, mjane wake, Mama Médiatrice, akanivuta kando.

"Bravin, mukono haiyapona bado?"

Nikauficha mkono mfukoni. Akadhani bado unauma. Akatoa simu ya mzee.

"Tangu uumie, alikuwa anatengeneza hii kila siku. Alijifunga vidole na kitambaa, akaacha gumba tu."

Akabonyeza. Sauti ya mzee ikatoka:

"Bravin, nimeipata! Wimbo yote inapigika na gumba moja. Hata mukono isipopona, usilie. Utapiga."

Kisha akaupiga wote, hadi kile kipande cha mwisho. Alikosea, akacheka, akarudia.

Nililia hadi Mama akaanza kunibembeleza mimi, yeye mwenye msiba. "Itapona," akasema, huku akinipapasa mkono mzima usio na kidonda.

Ukweli sikumwambia. Leo nawaambia nyinyi kwanza, kesho naenda kwake.

Ukimdanganya asiyekujali, atasahau. Ukimdanganya anayekupenda, ataubeba uongo wako na kuutolea jasho. Mwambieni mtu wenu ukweli angali hai, akasirike, mgombane, yaishe.