Tangi Lilinisifu, Mchanga Ukanifunza

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi kule Nuu nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, vilivyonizidi kidole kizima. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa UT, kama tulivyoitwa sisi tuliopewa chaki na darasa bila mafunzo yoyote. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Aliisoma barua yangu mara mbili, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Kavata, kanisani unaimba?"

"Naimba, mwalimu."

"Basi kwaya ni yako. Mwenye alikuwa nayo amehamishwa."

Ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Vijana huniuliza nilisomea muziki chuo gani. Ukweli ni kwamba nilianza kuufundisha kabla sijaujua, kisha ikabidi niende kuutafuta.

Wakati huo nilidhani kuimba ni kusikika. Kanisani kwetu aliyesifiwa ni yule ambaye sauti yake ilimfikia jirani aliyekataa kuja ibada. Nikawafunza watoto hivyo hivyo. Kila siku tulianza wimbo mwanzo, na tukikosea tulirudi mwanzo. Ubeti wa kwanza ukanyooka kama nguo iliyopigwa pasi, wa nne ukabaki makunyanzi. Tulipokwenda mashindano ya zoni tulikuwa wa mwisho. Mwamuzi, bwana mmoja mwenye miwani mizito, alisimama mbele ya shule zote akasema, "Hawa watoto wana sauti nzuri. Mwalimu wao ndiye amewafunza kuita mbuzi." Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilijifanya kucheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya choo.

Jumatatu Mwalimu Mkuu aliniita ofisini.

"Mwaka ujao nitaandika barua moja, ya mwalimu wa kwenda chuo. Nilikuwa nafikiria wewe. Lakini hiyo kwaya ikirudi tena vile ilirudi juzi, barua ni ya mwingine, na wewe utafute kazi ingine."

Barua ile ndiyo ilikuwa maisha yangu. UT asiye na chuo aliweza kuachishwa kazi muhula wowote, na nyumbani nilikuwa mtoto wa kwanza kushika chaki. Niliogopa kweli kweli. Lakini wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikuwa nimekubali kwamba nimeshindwa. Nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha kuimba.

Watu walinishangaa. Kwetu kila mtu anaimba, na kutafuta mwalimu wa kuimba kulionekana kama kutafuta mwalimu wa kutafuna. Wa kwanza niliyempata alikuwa kiongozi wa kwaya iliyosifika mjini Mwingi. Aliimba yeye saa nzima, mimi nikisikiliza, kisha akaniambia nimwige. Sauti yake ilikuwa ya juu na nyembamba, yangu ni nzito. Baada ya Jumamosi tatu nilikuwa nanong'ona kama mgonjwa. Mwalimu akitaka uwe yeye, beba mkoba wako uende zako.

Mke wa pasta wetu, mzaliwa wa Makueni, ndiye aliyenitajia Mwalimu Mutisya wa Tawa. Alikuwa mzee mstaafu aliyejua solfa, ule uimbaji wa do, re, mi, ambapo kila noti ina jina lake na mahali pake. Likizo ya Disemba nikaenda Tawa kukaa kwa shangazi yangu. Nilimkuta mzee uani akipepeta ndengu. Nikamwimbia ubeti mzima kwa nguvu zangu zote. Hakunisifu, wala hakunikemea.

"Mwiitu," akasema, kama mtu anavyomwita binti yake, "umekosea wapi?"

Sikujua.

"Mwenye hajui pahali amekosea atarudia hilo kosa mpaka likomae. Keti chini."

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilikaa chini, na moyoni nikajua safari yangu ya kutafuta imekwisha.

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kuimba wimbo hata mmoja. Alinilaza mkekani na kuniwekea mfuko wa ndengu tumboni. Pumzi ikiingia, mfuko upande. Ikitoka, ushuke polepole huku nikihesabu hadi ishirini. Mkewe alipita akasimama kutuangalia. "Aiya! Mzee, unamfunza kuimba ama unamgeuza ghala?" Tulicheka mpaka ndengu zikamwagika. Lakini hiyo ndiyo pumzi ya tumbo, na bila hiyo koo hufanya kazi yote na kuchakaa.

Kisha akanionyesha uma wa sauti, chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kwenye goti hutoa noti moja tu, isiyobadilika. "Huyu hana urafiki na mtu," alisema. Unaanza wimbo kwa uma, na ukimaliza unaugonga tena ili ujue kama bado uko pale ulipoanzia. Kuteremka chini ya noti uliyoanzia tulikuita kushuka ki, na huo ndio ugonjwa mkuu wa kwaya zetu. Tunaanza wimbo darini na kuumalizia sakafuni, na hakuna anayegundua kwa sababu tumeshuka sote pamoja.

Akanikataza pia kurudi mwanzo kila ninapokosea. Alinianzisha na ubeti wa nne, halafu wa tatu. Penye maneno matatu magumu niliimba hayo matatu tu, polepole, mpaka ulimi ukayazoea. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, kila siku ya Mungu. Mimi niliyezoea kupiga kelele Jumamosi nzima niliona ni mchezo wa watoto. Kumbe haba na haba hujaza kibaba.

Nikarudi Nuu shule zilipofunguliwa Januari, na hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa nchi ya mvua nyingi hawezi kulifanya. Shule ilikuwa na tangi kubwa la simiti la kukingia maji ya mvua, na kwa jua la mwezi ule lilikuwa tupu kabisa, ngazi ya kulisafishia ikiwa bado imo ndani. Niliingia humo ili watu wasinisikie. Nikaimba do moja tu. Lo! Sauti iliyonirudia ilikuwa pana na tamu, nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Kuanzia siku hiyo nilifanyia mazoezi humo, na baadaye nikaingiza watoto, kumi kumi. Tulijiona malaika. Mwezi mzima tulijifungia humo tukijisikiliza na kutabasamu.

Februari nikaenda Tawa nikiwa nimejaa majivuno. Mwalimu Mutisya alinitoa nje, akanisimamisha katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa. Nikaimba. Sauti yangu haikufika hata kwenye ua wa katani. Akagonga uma gotini, na hapakuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa nimeshuka ki.

"Mazoezi unafanyia wapi?"

"Ndani ya tangi la shule, mzee."

Alicheka mpaka akashikilia jembe asianguke. "Tangi! Hata mbuzi akilia ndani ya tangi atadhani ni soprano. Tangi linakusifu, mwiitu. Na mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji," nikamalizia, machozi yakinilengalenga. Yalikuwa yamebaki majuma machache tu kabla ya mashindano. "Sasa nitaimbia wapi?"

"Huko kwenu hakuna mto?"

"Uko, lakini hauna maji."

"Nani amekuuliza maji? Simama katikati ya mchanga uimbe. Mchanga hausifu mtu." Kisha akaniazima uma wake niende nao.

Siku ya kwanza mtoni watoto walitaka kulia. Mchanga ulimeza kila kitu. "Mwalimu, sauti zetu zimeibiwa," mmoja alisema. Nikawaambia hizo ndizo sauti zetu, tuzizoee. Kwa kuwa mwangwi haukuwepo, ilibidi kila mtoto aitegemee pumzi yake na kuutazama mkono wangu. Akina mama waliokuja kuchota maji kwenye visima vya mchangani wakawa wakaguzi wetu. Walinizoea hata wakawa wananiuliza kwa mbali, "Mwalimu, leo mmeshuka tena?" Nami nilijibu ukweli, kwa sababu uma haudanganyi. Jioni moja mwezi Machi tuliimba beti zote nne, nikagonga uma, na tulikuwa pale pale. Mama mmoja akatua mtungi wake. "Hapo sasa!" akasema.

Siku ya mashindano mwamuzi alikuwa yule yule, na miwani yake ile ile. Alipotuona alitabasamu kidogo. Tulipofika ubeti wa pili mvua ikaanguka juu ya mabati, ile mvua yetu inayokuja bila hodi. Kwaya iliyotutangulia ilikuwa imeimba kukiwa kumenyamaza kama kanisani. Watoto wakanikodolea macho. Sikuwaashiria waongeze sauti. Niliwaonyesha tumbo langu, tupumue, tukaendelea. Ubeti wa tatu hakuna aliyetusikia, hata sisi wenyewe hatukujisikia. Halafu mvua ikakatika ghafla, tukatokea katikati ya ubeti wa nne, tulivu, kila sauti mahali pake. Mwamuzi alinyanyua uma wake, akaugonga mezani, akautega sikioni. Akautazama, akautazama tena, kama mtu aliyedhani umeharibika.

"Mwaka jana nilisema neno juu ya mwalimu huyu," alisema alipotangaza matokeo. "Leo nalirudisha. Nuu ni wa kwanza."

Niliruka mpaka kiatu cha dada yangu kikanitoka. Mwalimu Mkuu alinifuata pale mlangoni, akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa imekunjikakunjika. Nilipoifungua niliona barua ya chuo, yenye jina langu na muhuri wa shule.

"Lakini matokeo yametoka sasa hivi, mwalimu. Umeiandika lini?"

"Wiki jana. Nilipita mtoni."

Nilisoma chuo, nikapelekwa Zombe. Huko Mkaguzi wa shule aliniambia, "Mwalimu, muziki hauko kwa mtihani. Unapoteza wakati ya watoto." Sikubishana naye. Nilimpeleka mtoni na viatu vyake vya ngozi, vikajaa mchanga, akasikiliza mpaka mwisho bila kuvikung'uta. Muhula uliofuata aliniita niwafunze walimu wa zoni nzima. Baadaye nikahamia Makueni, na nikastaafia Tawa chini ya Mwalimu Mkuu mama aliyenipa stoo ya madawati iwe darasa la muziki. Mwalimu Mutisya alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Uma wake aliuacha kwa mkewe, na agizo kwamba ni wangu.

Siku hizi nafundisha mtu mmoja mmoja hapa nyumbani. Anayetafuta mwalimu namwambia aulize kwanza wanafunzi wa mwalimu huyo, na aangalie kama mwalimu anasikiliza au anajisikiliza. Mwanafunzi wangu wa sasa ni Mwende, muuguzi anayeimba alto kanisani kwao. Alikuja na simu, akanichezea wimbo aliojirekodi, umejaa mwangwi wa kutengenezwa. Nilicheka kama alivyocheka mzee wangu. "Binti yangu, simu yako ina tangi ndani," nikamwambia. Tulizima ule mwangwi, akajisikia alivyo, akanuna siku mbili, kisha akarudi.

Wiki iliyopita, baada ya somo letu mtoni, nilimpa uma aushike. Nimezeeka. Watu wameanza kuniambia kwa huruma kwamba nipumzike. Nilisimama mchangani nikaimba wimbo wa Nuu, beti zote nne, kuanzia wa mwisho. Nilipomaliza Mwende aligonga uma gotini, akautega sikioni, akaugonga tena mara ya pili.

"Aiya, mwaitu," akasema, akinipa heshima ya mama yake. "Uko pale pale!"