Vitabu vya Mauaji vya Madam Bonareri

Jumanne asubuhi, Bonareri Omosa alikuta barua ya mistari minne kutoka kwa mwalimu mkuu juu ya meza yake ya maktaba. Riwaya zote za upelelezi zitolewe rafuni na zichomwe Ijumaa saa nane mchana. Sababu: zinawafunza wasichana kuua. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akapangusia nayo vumbi la rafu ile ile.

Alikuwa ametunza maktaba hiyo, ya shule ya bweni ya Wasabato nje kidogo ya Uriri, kwa miaka kumi na tisa. Hakusomea kazi hiyo. Aliajiriwa kufagia, akaanza kusoma alichokuwa akikifuta vumbi. Riwaya za kwanza aliachiwa na nesi Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Humo, watu wa nyumba nzima huitwa sebuleni mwishoni, na muuaji hukutwa ameshika kikombe cha chai. Nyingine alizichambua mwenyewe kwenye mitumba ya Oyugis. Katika za Wajapani, mpelelezi huinamia ratiba ya treni mpaka macho yamuume. Katika za Waswidi, askari ana vidonda vya tumbo na mvua haikatiki. Katika zile za Wachina wa kale, mtu mmoja ndiye mpelelezi, ndiye hakimu, ndiye anayeamuru viboko. Na katika za Kiswahili za miaka ya sabini, zilizogeuka rangi ya chai, shujaa amevaa suruali ya bugaluu na anapenda kuuliza maswali kwa ngumi.

"Kila mmoja na ujinga wake," aliwaambia wasichana. "Lakini hakuna asiyeuliza saa."

Chanzo cha barua kilikuwa kisu. Jumatatu, kisu kikubwa cha nyama kiligundulika kuwa kimepotea jikoni, na Austine, mpishi mkuu, akaandika taarifa kwamba Idil wa kidato cha tatu ndiye aliyekichukua. Chini ya mto wa Idil ilipatikana riwaya ya Kijapani yenye picha ya kisu kwenye jalada. Kisu chenyewe hakikupatikana. Mwalimu mkuu, Mniko, hakuhitaji zaidi. Jioni hiyo hiyo Idil alirudishwa Migori kwa baba yake, Abdirahim, muuza mabati.

Bonareri aliiona taarifa Jumatano, imebandikwa katika chumba cha walimu. "Jumamosi saa saba mchana, nikikata kabichi, mwanafunzi huyo aliingia kuomba maji. Nilipogeuka, kisu hakikuwepo."

Katika shule ile, Jumamosi hakuna anayekata chochote. Ijumaa ni siku ya maandalio: kabichi hukatwa na kupikwa, maharagwe huchemshwa, visu huoshwa na kufungiwa kabatini kabla jua halijazama. Sabato ni kupasha moto tu. Mniko hangeweza kujua. Alikuwa Mkatoliki aliyehamia muhula huu, na kila Ijumaa alasiri alikwenda kwake Kuria, asirudi hadi Jumapili. Lakini walimu kumi na mmoja walikuwa Wasabato. Wote waliisoma taarifa. Wote walikula kabichi iliyolala kila Jumamosi na kuinung'unikia. Hakuna aliyefungua mdomo.

Alhamisi, walimu wakiwa mkutanoni, aliingia bila kubisha. Austine alikuwepo, akigawa chai. Kupitia dirishani, vitabu vilionekana vimerundikwa kando ya tanuri la taka.

"Madam, huu ni mkutano wa walimu," alisema Mniko.

"Najua, Mwalimu. Nina swali moja kwa mpishi. Austine, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa saba, mama. Si nimeandika?"

"Jumamosi?"

"Jumamosi. Sasa unanihoji kama polisi?"

"Ukikata kabichi."

Birika lilitua mezani. Mwalimu mmoja alianza kusoma gazeti lililopinduka juu chini.

"Kuna nini?" Mniko aliwatazama mmoja mmoja. "Mbona mmenyamaza?"

"Waambie," Bonareri aliwageukia walimu. "Si mnajua? Ama hiyo Sabato ni yangu peke yangu?"

Walipozidi kuinamia vikombe vyao, alimweleza Mniko yeye mwenyewe, neno kwa neno, kama mtu anayepigilia misumari. Mniko alimwuliza Austine kama ni kweli. Austine alijifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu.

"Nilikibeba Ijumaa," alisema hatimaye. "Tulikuwa na matanga ya mkwe, huko Karungu. Ng'ombe wawili, Mwalimu, na visu vyao butu. Kikapotelea huko. Niliogopa kazi."

"Ukamtupia mtoto wa watu."

"Yeye kweli aliwahi kuja kuomba maji, mama."

Mniko aliandika kwamba Idil arudishwe shuleni kesho yake, na kwamba Austine abaki aonane naye. Kisha akakohoa. "Lakini hivyo vitabu, madam, tulishaamua."

"Sawa. Andika kwenye kumbukumbu kwamba vinachomwa, na uandike sababu. Ya kisu imeisha. Tafuta nyingine, nataka kuisikia ikisomwa."

Kalamu ya Mniko ilikaa juu ya karatasi. Akaandika neno, akalikata. Akaandika jingine, akalikata pia. "Vitabu vya mauaji virudi," alisema bila kuinua kichwa, "na tuendelee na ajenda ya pili."

Bonareri alitoka hadi kwenye tanuri, akabeba riwaya kumi na mbili kifuani. Safari ya tatu, alimkuta Mwalimu Motari, mzee wa kanisa la shule, ameshika rundo la zile za Kiswahili.

"Dada, acha nikusaidie. Hii kazi si ya mtu mmoja."

"Taarifa uliisoma lini?"

Motari alitazama viatu vyake. "Jumatatu. Lakini unajua, dada, mkuu ni mgeni, hatukutaka kumwaibisha..."

"Weka chini."

"Bonareri."

"Weka chini, Mwalimu. Nimesema nitabeba mwenyewe."

Aliziweka. Bonareri alipita ubavuni mwake na kuendelea na safari, kumi na mbili kwa kumi na mbili, huku walimu wakimtazama kupitia dirisha la chumba chao na hakuna aliyethubutu kumfungulia mlango wa maktaba. Aliusukuma kwa goti.